Jinsi ya kukuza mazoea ya uandishi bila kutupa uraibu mwingine

KATIKA nyumba nyingi humu nchini mna daftari ambalo kurasa zake nne au tano za mwanzo zimejazwa kwa mwandiko nadhifu, na zilizosalia ni nyeupe. Ni mwanzo wa riwaya, diwani au tamthilia iliyobuniwa wakati wa likizo ya Desemba na kuachwa shule zilipofunguliwa Januari. Mwenye daftari akiulizwa kilichomkatiza, aghalabu hutoa jibu moja: hana wakati. Akibanwa aeleze wakati wake huenda wapi, hutaja kazi kwanza. Kisha, kwa sauti ya chini kidogo, hutaja mazoezi ya kwaya kila Jumamosi, mechi za kandanda, kuku anaowafuga nyuma ya nyumba au bao analocheza na wenzake jioni.

Hapo ndipo kosa hutendeka. Mtu huyo hujiambia kwamba ili awe mwandishi hana budi kuyatupilia mbali mambo hayo mengine yote. Huacha kwaya, huwapa wenzake kisogo barazani na kujifungia chumbani. Juma la pili humkuta mpweke, amechoka na hana la kuandika. Mwishowe yeye hurudi kwenye kwaya, na daftari hurudi kabatini.

Labda sehemu ya lawama ni ya neno lenyewe. Shuleni watoto hufunzwa kwamba uraibu ni jambo alifanyalo mtu kwa kujifurahisha wakati wa mapumziko. Lakini kwa wazee wa Pwani, uraibu ni tambuu, tumbaku na kahawa, vitu ambavyo mtu akivizoea humwia vigumu kuviacha. Maana hizo mbili hazitengani kama inavyodhaniwa. Upo uraibu unaomrejesha mtu nyumbani akiwa na nguvu mpya na habari za kusimulia, na upo ule unaochukua tu. Anayetaka kuandika ana haja ya kuujua wa kwanza na wa pili kabla ya kuanza kupunguza chochote.

Mfano mmoja wa zamani unafaa kuangaliwa kwa kina. Anthony Trollope, Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1815, aliajiriwa na idara ya posta mwaka wa 1834 na kuitumikia hadi alipojiuzulu mwaka wa 1867. Hakuwa mfanyakazi wa kujificha nyuma ya meza. Ni kutokana na pendekezo lake kwamba masanduku ya kutilia barua kando ya barabara yalianza kutumiwa katika visiwa vya Channel mwaka wa 1852. Isitoshe, alikuwa amepagawa na uwindaji wa mbweha kwa farasi na mbwa. Kwa miaka mingi aliwinda angalau mara mbili kwa wiki msimu ulipofika, na pia alikuwa mtu wa kuonekana mara kwa mara kwenye chumba cha karata katika klabu ya Garrick jijini London. Pamoja na hayo yote, aliacha riwaya 47.

Namna alivyofanya aliieleza katika tawasifu yake iliyochapishwa mwaka wa 1883, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Saa kumi na moja na nusu alfajiri alikuwa tayari mezani. Mtumishi aliyewatunza farasi wake alilipwa pauni tano zaidi kwa mwaka ili kumwamsha. Nusu saa ya kwanza ilikuwa ya kusoma alichokuwa amekiandika siku iliyotangulia. Kisha aliiweka saa mbele yake na kujidai maneno 250 kwa kila robo saa. Muda wa saa tatu ulipotimia alikuwa amemaliza. Alikwenda kustaftahi, na siku yake ya kazi, au ya mbweha, ikaanza. Alipokuwa safarini kikazi aliandika kwa penseli ndani ya garimoshi, na sehemu kubwa ya riwaya yake Barchester Towers iliandikwa hivyo.

Wapo waliochukizwa na ufichuzi huo. Trollope alimlinganisha mwandishi na mshonaji viatu, na kauli hiyo haikuwaingia waliosadiki kwamba sanaa humshukia mtu kama wahyi. Hata hivyo, jambo la maana katika mpango wake si kasi, kwani maneno 250 kwa robo saa ni mwendo ambao waandishi wengi wazuri hawatawahi kuufikia na hawana haja nao. Jambo la maana ni kwamba uandishi ulikuwa na mahali pake katika siku, ulitangulia uraibu, na ulikuwa na kikomo. Mtu aliyekwisha kuandika kurasa zake kabla ya jua kupanda haendi kuwinda akiwa na hatia moyoni. Naye mbweha hakuwa hasara: matukio ya uwindaji yamo katika riwaya zake kadhaa, zikiwemo Phineas Finn na The Eustace Diamonds, na yanasomeka kama kazi ya mtu aliyewahi kuangushwa na farasi.

Afrika Mashariki nayo ina mifano yake. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka wa 1909, aliingia idara ya forodha mwaka wa 1926 na kuendelea kuwa mwajiriwa wa serikali kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Maisha Yangu ilipotoka mwaka wa 1949 na Kusadikika mwaka wa 1951, alikuwa bado karani. Ken Walibora, aliyefariki Aprili 2020, aliandika riwaya zake katikati ya utangazaji na uhadhiri. Hakuna hata mmoja kati yao aliyesubiri kwanza apate mwaka mzima usio na shughuli.

Je, mazoea hujengeka vipi? Utafiti unaotajwa sana katika uwanja huu ni ule wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mwaka wa 2010. Watu 96 walifuatiliwa kwa wiki 12. Kila mmoja alijichagulia tendo moja dogo, mathalan kunywa maji wakati wa chamcha au kukimbia kidogo kabla ya chajio, ambalo angelifanya kila siku baada ya jambo lile lile. Kwa wastani ilichukua siku 66 kabla ya tendo hilo kufikia kiwango cha kutendeka bila mtu kujishurutisha. Lakini wastani huficha mengi: kwa mmoja zilitosha siku 18, na kwa mwingine ilikadiriwa kwamba zingehitajika siku 254. Aidha, kukosa siku moja hakukuvuruga mazoea kwa kiwango cha kutajika.

Yafaa kutahadhari hapa. Kunywa maji si kutunga riwaya, na utafiti huo huo ulionyesha kwamba matendo magumu zaidi, kama vile mazoezi ya mwili, yalichelewa kuzoeleka. Anayeanza kuandika Januari asishangae ikiwa mwezi Machi bado anajisukuma. Wala asilitupe daftari kwa sababu Jumanne ilimpita.

Funzo kubwa la utafiti huo, na ndilo linalosahaulika, ni yale maneno "baada ya jambo lile lile". Mazoea mapya hayasimami peke yake. Hufungwa kwenye yaliyopo, kama mbuzi anavyofungwa kwenye kigingi kilichokwisha kukita ardhini. Na ni kigingi gani kilichokita zaidi ya uraibu ambao mtu ameushika kwa miaka kumi? Mwanakwaya ambaye hajawahi kukosa mazoezi ya Jumamosi anaweza kufika kanisani nusu saa kabla ya wenzake na kuandika akiwa kwenye benchi. Mfugaji wa kuku huamka mapema atake asitake. Akishawamwagia chakula, ana dakika ishirini kabla ya nyumba kuchangamka. Shabiki wa kandanda anajua mechi itaanza saa ngapi wiki nzima kabla, na ni watu wachache wanaojua ratiba ya maisha yao kwa uhakika huo. Akiandika ukurasa kabla ya kwenda kutazama, atakuwa na sababu ya kuumaliza kwa wakati.

Kuhusu kiasi, heri kidogo. Anayeandika maneno 100 kila siku atakuwa na 36,500 mwaka ukiisha, ambayo ni novela kamili. Watunzi wa mashairi wana bahati zaidi, kwa kuwa arudhi imewakatia kipimo. Ubeti mmoja wa tarbia una mishororo minne, kila mshororo mizani 16, vipande viwili vya mizani nane nane. Ubeti mmoja kwa siku ni shairi la beti saba kila wiki. Tena ubeti haudai meza. Mizani huhesabiwa kwa vidole kwenye foleni ya benki, na vina hutafutwa ndani ya matatu iliyokwama barabarani. Akina mama wa Pwani wanaosuka ukili wa mikeka, na wale wanaoshona kofia, wana mikono iliyoshughulika na akili iliyo huru. Kinachohitajika ni kijitabu karibu na kapu la miyaa, kwani ubeti usioandikwa mara moja una tabia ya kurudi siku ya pili ukiwa na mizani kumi na tano.

Wengine wamegundua kwamba uraibu na kalamu hulishana. Vladimir Nabokov, mwandishi wa asili ya Urusi, alikuwa mtaalamu wa vipepeo. Katika miaka ya 1940 alifanya kazi katika jumba la makavazi la wanyama la Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, na wazo alilolitoa mwaka wa 1945 kuhusu jinsi kundi fulani la vipepeo wa buluu lilivyofika Amerika kutoka Asia liliungwa mkono na uchunguzi wa chembechembe za urithi mwaka wa 2011. Sehemu ya riwaya yake mashuhuri aliiandika kwenye safari za kusaka vipepeo. Haruki Murakami wa Japani naye aliandika riwaya yake ya kwanza kwenye meza ya jikoni usiku, baada ya kufunga baa ya muziki wa jazi aliyokuwa akiimiliki. Alipogeuka mwandishi wa kudumu alianza kukimbia, mwaka wa 1982, na mbio hizo zikawa kitabu mwaka wa 2007. Kwake mbio ndizo zinazomwezesha kukaa mezani kwa saa nyingi.

Uraibu unaochukua tu ni upi basi? Kila mtu anaujua wake. Kwa wengi ni simu. Nayo kandanda yenyewe, isiyo na hatia, hubadilika sura mtu akishaiwekea dau: mechi ya dakika tisini huwa shughuli ya siku tatu, mbili za kukisia na moja ya kujuta. Hapo ndipo penye wakati wa kukombolewa, si kwenye kwaya.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo washauri wengi wa uandishi hulipita mbio. Nidhamu ya Trollope ilikuwa na wahudumu. Yupo mtumishi aliyemwamsha, na yupo mkewe, Rose, aliyeinakili upya ile miswada ya penseli ya ndani ya garimoshi. Mume anapojitengea saa moja alfajiri ya kuandika na mbili za mpira jioni, huwa kuna mtu anayechemsha chai, anayewatayarisha watoto na anayesimamia kazi zao za shule. Mara nyingi mtu huyo pia ana daftari lililoachwa kabatini. Kumwambia apangilie vizuri wakati wake ni kumtania.

Toni Morrison, Mmarekani aliyetuzwa Nobel ya fasihi mwaka wa 1993, aliijua hali hiyo. Alikuwa mhariri katika shirika la uchapishaji na alikuwa akiwalea wavulana wawili peke yake. Aliandika kabla ya mapambazuko, kabla ya watoto kuamka, na pale ilipowezekana wikendi. Yeye mwenyewe alikiri kwamba hakuwa na ratiba ya kila siku isiyovunjika. Aliandika katika nyufa za muda alizozipata. Riwaya yake ya kwanza, The Bluest Eye, ilitoka mwaka wa 1970, akikaribia miaka arubaini. Kwa mtu wa namna hiyo, mazoea si saa ile ile kila siku bali ni kutoziacha nyufa hizo zipite bure.

Lakini nyufa zinaweza kupanuliwa, na hilo ni suala la mazungumzo ya nyumbani kabla ya kuwa suala la sanaa. Wanandoa wanaogawana jioni, Jumanne na Alhamisi za mmoja, Jumatatu na Jumatano za mwingine, huwa wamefanya zaidi kwa ajili ya fasihi kuliko warsha nyingi. Watoto wa shule za msingi wanaweza kufunzwa kwamba mama akiwa na daftari mezani haulizwi soksi ziko wapi. Wakati wa kuyasema hayo ni mapema, si siku ambayo mtu amekwisha kukasirika.

Trollope alikuwa na shajara iliyopigwa mistari ya siku na wiki, ambamo aliandika idadi ya kurasa alizozimaliza. Siku za uvivu nazo ziliachwa wazi zimtazame machoni. Shajara si lazima. Kalenda ya bure iliyotolewa dukani mwisho wa mwaka inatosha, nayo itundikwe jikoni, si chumbani. Alama ya kalamu nyekundu iwekwe kwenye kila siku iliyoandikwa, na herufi nyingine kwenye siku za kwaya, za mpira na za zamu ya kupika, ili kila anayepita kuchota maji aone ni ya nani inayojaa na ni ya nani iliyobaki wazi.