Nusu saa kila siku: namna ya kujifunza uprogramu wa vitu hadi ukae mikononi

Mwaka wa kwanza wa masta nilikuwa naweza kukutajia nguzo nne za uprogramu wa vitu hata ukiniamsha usiku wa manane. Mtihani nilifaulu vizuri tu. Kisha mama yangu, ambaye ni mweka hazina wa kikoba cha mtaani kwetu, akaniomba kitu kidogo: "Mwanangu, si unasoma kompyuta? Nitengenezee hesabu za kikundi, macho yangu yamechoka na hili daftari."

Nikaandika programu kwa wikiendi moja. Nikaijaribu na mwanachama mmoja, jumla ikatoka sawasawa. Jumamosi iliyofuata nikaenda nayo kikaoni. Wanachama 22, hisa moja shilingi 5,000. Nikaingiza michango ya wiki kutoka kwenye daftari, kisha nikaanza kusoma jumla ya kila mmoja. Mama wa kwanza, aliyetoa hisa tatu, yaani 15,000, akatokea ana 310,000. Watu wakacheka. Wa pili, 310,000. Wa tatu, 310,000. Hapo kicheko kikaisha. Mmoja akauliza, kwa upole lakini akimtazama mama yangu: "Sasa hizi hesabu za zamani zilikuwa zinafanywaje?"

Daftari ndilo lililotuokoa. Mama alilifungua, akasoma mstari kwa mstari, na kila mtu akaona fedha yake iko palepale. Lakini kwa dakika kama kumi hivi uaminifu wake wa miaka ulitiliwa shaka kwa sababu ya mstari mmoja niliouweka mahali pasipostahili. Makala hii inahusu mstari huo, na inahusu pia kwa nini mtu anaweza kujua maana ya kila neno na bado asiweze kazi.

Kwanza, vitu ni nini hasa?

Wazo lenyewe lilizaliwa Norway. Miaka ya 1960, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard wa kituo cha kompyuta cha Norway mjini Oslo walitaka kuiga mambo ya dunia ndani ya kompyuta: foleni, wateja, mitambo inayosubiriana. Lugha yao, Simula 67, iliruhusu kila mteja kwenye foleni awe kitu kinachojitegemea, chenye taarifa zake na kazi anazoweza kufanya. Miaka ya 1970 Alan Kay na wenzake huko Xerox PARC, California, wakalisukuma wazo mbele kwa lugha ya Smalltalk. Mwaka 1979 Bjarne Stroustrup akaanza kazi iliyozaa C++, akiwa ameathiriwa na Simula. Leo Java na Python zote zinabeba urithi huo.

Sasa fikiria kadi ya kliniki ya mtoto. Kadi zote zimechapwa kwa mpangilio mmoja: jina, tarehe ya kuzaliwa, uzito, chanjo. Mpangilio ule ndio tunaouita klasi. Kadi ya mwanao, iliyojazwa jina lake na uzito wake, ndiyo kitu. Klasi ni moja, vitu ni vingi, na uzito wa mtoto wa jirani hauingii kwenye kadi ya mwanao.

Tuandike basi, kwa Python. Kwa kawaida waandishi wa programu hutumia neno *self* pale ambapo kitu kinajitaja chenyewe, lakini Python hailazimishi neno hilo. Mimi wakati wa kujifunza nilitumia neno letu, na ghafla mambo yakaeleweka:

    class Mwanachama:
        def __init__(mimi, jina):
            mimi.jina = jina
            mimi.michango = []

        def changia(mimi, kiasi):
            mimi.michango.append(kiasi)

        def jumla(mimi):
            return sum(mimi.michango)

Ile sehemu ya kwanza, yenye mistari ya chini pande zote mbili, hufanya kazi kila mara mwanachama mpya anapoundwa. Isome kwa sauti: "jina langu ni hili, na orodha ya michango yangu inaanza ikiwa tupu."

Kosa langu lilikuwa hili:

    class Mwanachama:
        michango = []

        def __init__(mimi, jina):
            mimi.jina = jina

Umeona? Orodha niliiweka kwenye klasi badala ya kwenye kitu. Ni kama muuguzi abandike karatasi moja ukutani, kisha aandike uzito wa watoto wote wa zahanati humo humo. Ukimwuliza uzito wa mtoto yeyote, anakusomea karatasi ileile. Nilipojaribu na mwanachama mmoja kosa halikuonekana, kwa sababu mtoto akiwa mmoja karatasi ya ukutani na kadi yake ni sawa tu. Walipofika 22, kila mmoja akamiliki michango ya wote.

Nguzo nyingine, kwa mfano uleule

*Ufichaji.* Vikoba vingi vina sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti. Hakuna anayetia mkono peke yake, kila fedha inapita kwenye utaratibu. Ndani ya programu, utaratibu huo ni ile kazi ya *changia*. Hapo ndipo unapoweka ukaguzi: je, kiasi ni zaidi ya sifuri? Kinagawanyika kwa 5,000? Ukiacha sehemu nyingine za programu zigusa orodha ya michango moja kwa moja, umeacha sanduku wazi. Python haikuwekei kufuli ya chuma. Kuna desturi ya kuanza jina na mstari wa chini, *_michango*, ikimaanisha "usiguse hapa, pitia mlangoni". Ni heshima zaidi kuliko ulinzi, lakini inasaidia.

*Urithi na maumbo mengi.* Kikoba chetu kina mkopo wa kawaida wenye riba ya asilimia 10, na mkopo wa dharura usio na riba, wa msiba au ugonjwa:

    class Mkopo:
        def __init__(mimi, kiasi):
            mimi.kiasi = kiasi

        def deni(mimi):
            return mimi.kiasi * 110 // 100

    class MkopoWaDharura(Mkopo):
        def deni(mimi):
            return mimi.kiasi

Mkopo wa dharura umerithi kila kitu cha mkopo, umebadilisha namna ya kuhesabu deni tu. Ukikopa 100,000, wa kwanza utakujibu 110,000 na wa pili 100,000. Uzuri wake ni kwamba anayekusanya madeni hahitaji kuuliza "wewe ni mkopo wa aina gani?" Anauliza kila mkopo swali moja, deni lako kiasi gani, na kila mmoja unajibu kwa namna yake. Hayo ndiyo maumbo mengi. Kesho kikundi kikianzisha mkopo wa ada za shule, unaongeza klasi moja na huvurugi zilizopo.

Ila angalia mtego. Je, mweka hazina naye awe klasi inayorithi Mwanachama? Nilifanya hivyo mwanzoni. Kisha nikakumbuka kwamba uongozi hubadilika baada ya muda wake. Mama akimwachia mwenzake nafasi, nitamfuta na kumuumba upya kama mwanachama wa kawaida? Kiswahili chenyewe kinakupa kipimo. Ukiweza kusema "ni" na ikabaki kweli siku zote, urithi unafaa: mkopo wa dharura *ni* mkopo. Kama unachosema hasa ni "ana" au "kina", basi kimoja kikibebe kingine: kikundi *kina* mweka hazina, na leo ni huyu, mwakani ni yule.

Kwa nini wikiendi haikunitosha

Haya yote nilikuwa nimeyasoma. Tatizo ni kwamba niliyasoma kwa mafuriko: saa nane Jumamosi, saa sita Jumapili, kisha wiki mbili bila kugusa. Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alionyesha tangu mwaka 1885, kwa kujipima mwenyewe, kwamba tunasahau kwa kasi mara tu baada ya kujifunza, na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku kunashika kuliko kurundika marudio mahali pamoja.

Utafiti ninaoupenda zaidi ni wa Alan Baddeley na D. J. A. Longman, uliochapishwa mwaka 1978. Wafanyakazi wa posta Uingereza walikuwa wanajifunza kuchapa kwenye kibodi. Wakagawanywa makundi manne: wengine saa 1 tu kwa siku, wengine saa 2 kwa siku kwa mipango miwili tofauti, na wengine saa 4. Wale wa saa 1 walihitaji saa chache zaidi kwa jumla kuifahamu kibodi, ingawa ziliwachukua siku nyingi zaidi kwenye kalenda. Lakini hebu sikia: hao hao ndio waliokuwa na manung'uniko zaidi kuhusu mpango wao. Waliona wanachelewa!

Kuchapa si kuprogramu, ni kweli. Lakini faida ya kutawanya mazoezi imeonekana kwenye mambo mengi, kuanzia msamiati hadi hisabati, na hiyo hisia ya kuchelewa utakutana nayo. Ukiwa kwenye mafuriko ya Jumamosi, kila kitu kiko kichwani bado moto, unajiona umeiva. Ukirudi kesho yake na faili tupu, unajiona hujui kitu. Kumbe ile tabu ya kukumbuka ndiyo kazi yenyewe.

Nusu saa yenyewe inakaaje

Mimi niliifanya alfajiri kabla ya kwenda maabara. Wewe chagua wakati wako, ila uwe uleule.

Dakika 10 za kwanza: fungua faili tupu, andika klasi ya jana bila kuchungulia. Ukikwama, kaa na kukwama kwako kidogo kabla ya kutazama. Usinakili na kubandika, tafadhali.

Dakika 15: ongeza jambo moja dogo. Moja. Leo ukaguzi wa kiasi, kesho orodha ya mikopo.

Dakika 5 za mwisho: haribu kitu kwa makusudi. Hamisha mstari, futa *mimi*, badilisha jina. Lakini kabla ya kuiendesha programu, andika kwenye daftari unachotarajia kitatokea. Ukikosea utabiri, umepata somo la kesho. Na siku zote jaribu na vitu viwili au zaidi, si kimoja. Unajua nimelipa gharama gani kulijua hilo.

Wiki ya kwanza baki kwenye klasi na vitu tu: mwanachama, kitabu, daladala, chochote unachokijua vizuri. Wiki ya pili, ufichaji. Wiki ya tatu, vitu vinavyobeba vitu vingine, kama kikundi chenye wanachama. Urithi na maumbo mengi viache hadi wiki ya nne. Vitabu vingi huukimbilia urithi mapema, na matokeo yake ni watu kama mimi, wanaorithisha kila kitu.

Umeme ukikatika, andika kwenye karatasi. Msimbo wa mistari kumi unaenea kwenye ukurasa mmoja, na karatasi haikusahihishii makosa, kwa hiyo inakupima vizuri. (Msimbo wengi tunauita kodi, ila hii haihusiani na TRA.) Ukikosa siku moja, usiilipe kwa saa tatu siku inayofuata. Endelea na nusu saa yako kama kawaida.

Mwisho wa habari ya kikoba

Ilikuwa siku ya kumi na moja au kumi na mbili hivi ya mazoezi. Nilikuwa nimehamisha mstari wa orodha nje kidogo, kuharibu tu kama ilivyo desturi, na kwenye daftari nikaandika utabiri: "Asha 15,000, Rehema 10,000." Programu ikaniletea 25,000 na 25,000. Nikakaa kimya. Ile 310,000 ya kikaoni ikanijia nzima nzima. Hakuna aliyenieleza, vidole vilikuwa vimefika pale penyewe.

Programu mpya niliipeleka miezi mitatu baadaye. Safari hii sikusoma chochote kwa sauti. Kwa wiki sita tuliiendesha sambamba na daftari, na kila Jumamosi mama alilinganisha majina yote 22 mwenyewe kabla ya kikao. Yule aliyeuliza swali siku ile ndiye sasa anayeingiza michango kwenye simu. Daftari bado lipo, mama hajakubali kuliacha, na mimi sijamwomba aliache.

Wewe kesho asubuhi anza na faili tupu na klasi moja. Na uunde vitu viwili.