Kabla ufunge spika mpya kwenye nduthi ya safari, pima betri kwanza

Umemwona. Jumamosi asubuhi, foleni ya Lang'ata Road imekwama, kisha anasimama kando yako jamaa mwenye pikipiki kubwa ya safari: masanduku mawili pembeni, kioo kirefu mbele, na muziki unatoka kifuani mwa mashine hiyo kama matatu mpya ya Umoja. Foleni inasonga, jamaa anapotea, nawe unabaki na wazo moja tu kichwani: lazima nami nifunge kitu kama hicho.

Nakuelewa, kwa sababu nilikuwa hapo ulipo. Nilikuwa nimenunua pikipiki ya safari ya mkono wa pili, na redio iliyokuja nayo ilikuwa na sauti nyembamba kama ya redio ya soja wa usiku. Nikashuka Luthuli Avenue na chapaa mfukoni. Nikatoka na spika mbili zilizoandikwa wati 300 kila moja, amplifaya ya kung'aa, na namba ya fundi niliyeambiwa ni moto. Pamoja na kazi yake, jumla ilikuwa Sh38,000. Mwezi haukuisha kabla hazijanilaza njiani.

Ilikuwa barabara ya Magadi, jua linaelekea kuzama. Mbogi ilikuwa imetangulia. Mimi nikasimama mahali penye mandhari ya bonde ili nipige picha, injini nikazima, muziki nikaacha. Ukisikia wimbo unaupenda ukiwa juu ya lile bonde hutaki kuuzima. Dakika 40 baadaye nikabonyeza kitufe cha kustatia. Tik. Nikabonyeza tena. Tik. Kisha hata tik ikaisha.

Pikipiki ya kilo 300 yenye mfumo wa kisasa wa kudunga petroli si ya kusukumwa na mtu mmoja ishike. Betri ikiwa imekufa kabisa, hata pampu ya petroli haizunguki. Nikakaa juu ya jiwe, nikitazama giza likija, nikikumbuka kwamba upande ule binadamu hayuko peke yake usiku. Aliyeniokoa ni kijana wa boda aliyekuwa akirudi Kiserian.

"Boss, imezima ama imekataa?"

"Betri."

"Muziki?"

Nikanyamaza. Akacheka, akatoa waya mbili chini ya kiti chake, tukaunganisha betri yake ndogo na yangu, tukangoja kidogo, ikashika. Kwenye usukani wake alikuwa amefunga kispika kidogo kwa mpira wa tyubu, kile cha kuchaji nyumbani, na kilikuwa kikipiga benga wakati wote huo. Kina betri yake ndani. Hakigusi stima ya pikipiki hata kidogo. Sikumwambia bei ya zangu.

Sasa tuliza roho, tupige hesabu ambayo fundi wangu hakuipiga. Gawanya wati kwa volti upate ampea. Muziki wa sauti ya juu pamoja na taa ya mbele, ambayo kwenye pikipiki nyingi huwaka yenyewe ukiwasha swichi, vinaweza kunywa wati 120. Kwa betri ya volti 12, hizo ni ampea 10. Betri yangu ilikuwa ya ampea 14 kwa saa moja, na ilikuwa imezeeka. Katika dakika 40 nilikuwa nimeinyonya karibu nusu ya kile ambacho ingekuwa nacho ikiwa mpya. Kustatia kunahitaji mshtuko mkubwa wa umeme kwa wakati mmoja, na betri mzee iliyobaki nusu haina mshtuko huo.

Kwa hivyo swali la kwanza usimuulize muuza spika. Jiulize pikipiki yako inazalisha umeme kiasi gani, na ni kiasi gani kinabaki baada ya taa, injini na simu unayochaji. Mashine kama Honda Gold Wing zilichorwa muziki ukiwa kwenye hesabu tangu kiwandani, na ile ya 2018 ndiyo pikipiki ya kwanza kuja na Apple CarPlay. Yako ya cc 150 au 250 uliyoibandika masanduku haikuchorwa hivyo. Haimaanishi usifunge kitu. Inamaanisha utafute stima mahali pengine. Taa ya kawaida ya mbele hula wati 55 hadi 60. Ukiweka ya LED unaweza kuokoa karibu nusu, na hizo ni wati za kutosha kuendesha amplifaya ndogo. Lakini tafadhali, ielekeze chini vizuri. Madereva wa Mombasa Road wamechoka kupofushwa.

Tuje kwa zile wati 300. Ni ndoto. Hiyo ni namba ya kilele, kitu spika inaweza kustahimili kwa kufumba na kufumbua. Tafuta namba iliyo karibu na herufi RMS, ambayo mara nyingi huwa ndogo sana. Hata hiyo si muhimu kama unavyodhani. Ukiongeza wati mara mbili, sauti hupanda desibeli 3 pekee, tofauti ambayo sikio huiona kwa shida. Ili muziki usikike kama umeongezeka maradufu, unahitaji wati mara 10. Pikipiki gani itabeba hizo?

Namba ambayo hakuna aliyenionyesha pale dukani ni usikivu wa spika: desibeli ngapi inatoa kwa wati moja ukiwa umbali wa mita moja. Spika ya desibeli 92 dhidi ya ile ya 86 ni kama kupewa amplifaya mara nne bila kuongeza stima. Imeandikwa kwenye boksi, kwa maandishi madogo. Soma. Na amplifaya iwe ya daraja D, kwa sababu aina hiyo haipotezi umeme mwingi kwa joto kama zile za zamani.

Unaona ninavyozunguka? Nimeanza na umeme kwa sababu unalaza mtu njiani. Lakini kinachoua muziki wenyewe ni upepo. Ukiwa kilomita 100 kwa saa, kelele ya upepo ndani ya helmeti inaweza kufika desibeli 95, 100 na kupita. Spika yako inashindana na hiyo, nawe unaongeza sauti, na sikio linapokea zote mbili. Kwa kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa usalama kazini Marekani, desibeli 85 ni salama kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Ukifika 100 umebaki na dakika 15. Kutoka Nairobi hadi Mtito Andei ni saa ngapi? Ule mlio wa "ngiiii" unaousikia ukilala baada ya safari ndefu si uchovu. Ni sikio linalalamika, na chembe za ndani ya sikio zikifa hazioti tena.

Dawa yake itakushangaza: ziba masikio. Vile vizibo vya sponji vya bei rahisi huzima upepo na muziki kwa pamoja, ila muziki unaobaki unasikika wazi zaidi kwa sababu ule mngurumo wa upepo hauufuniki tena kama awali. Nilikataa kuamini hadi nilipojaribu. King'ora cha ambulensi bado nilikisikia, na honi ya lori pia. Kioo cha mbele chenye urefu unaokufaa nacho husaidia kuliko amplifaya yoyote. Kikiwa kifupi, upepo unakupiga usoni moja kwa moja.

Kama huwa unasafiri peke yako, kusema kweli, spika ndogo za ndani ya helmeti zinakutosha. Hazili stima ya pikipiki, na majirani hawakujui. Shida ya watu wengi ni kwamba wamezibandika vibaya. Zikikaa sentimita mbili nyuma ya tundu la sikio, zinakuwa kama zimelala. Zisogeze hadi zitazamane na sikio kabisa, ndipo uamue kama unahitaji mpya.

Bado unataka za nje? Sawa, basi simama karibu na fundi. Waya mkuu wa amplifaya utoke kwenye betri moja kwa moja, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri, si kule mwisho. Waya ukichubuka na kugusa chuma kabla ya fyuzi, hakuna cha kuukata, na tangi la petroli liko juu yake. Fundi wangu aliunganisha kwenye waya wa taa ya nyuma "ndiyo iwe rahisi". Aliyenirekebishia baadaye, mzee mmoja wa Kirinyaga Road, aliukuta umeshaanza kuyeyuka. Akaweka rilei inayowaka na kuzima na ufunguo wa injini, hivyo siku hizi injini ikizimwa muziki nao unakufa. Kama spika zako ni za omu 4, usiruhusu mbili ziunganishwe kwenye tundu moja hadi uhakikishe amplifaya inakubali omu 2. Isipokubali, itachemka hadi iungue.

Na mvua ya Limuru itakukuta tu. Spika zenye koni ya karatasi huvimba na kupasuka. Ulizia zile za mashua, zimetengenezwa kwa maji na jua kali.

Kelele nje ni mambo mengine. Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele tangu 2009, na mtaani kwako kuna mama mwenye mtoto mchanga. Ukiingia geti usiku, zima.

Kesho kabla uende Luthuli, azima kipimo cha volti. Betri iliyojaa na kupumzika isome karibu 12.6. Washa injini, ipe moto kidogo, isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikiwa chini ya 13 injini ikinguruma, hizo doh peleka kwa betri na mfumo wa chaji kwanza.