Mchezo wa Kijapani na Mashine ya Kutafsiri

Tangu niliporudi kutoka likizo kubwa wengi wa wadogo zetu wameniuliza kama ni kweli kwamba jioni nyingi huko nyumbani Gashoho nilikuwa nikikaa na simu mbili, moja ikipiga picha nyingine. Ni kweli. Wengine wamesema nimepata wazimu. Basi naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili nieleze jambo lenyewe, maana nimejifunza humo somo ambalo linawafaa hata wasiocheza michezo.

Mambo yalianza hivi. Kaka yangu aliporudi kutoka Bujumbura alileta kadi ndogo ya simu yenye michezo kadha. Mmoja wao ulikuwa wa Kijapani mtupu. Jina lake ni Yume Nikki. Neno yume maana yake ni ndoto, na nikki ni daftari la kuandikia mambo ya kila siku. Ulitengenezwa na mtu mmoja ajiitaye Kikiyama, akautoa bure mwaka 2004. Aliutengeneza kwa programu iliyowekwa kwa ajili ya watu wa kawaida wanaotaka kujitungia michezo wenyewe, na leo iko programu nyingine ya bure iitwayo EasyRPG Player ambayo huuwezesha kuchezwa hata katika simu.

Mchezo huo ni wa jamii ile ambayo mchezaji hushika nafasi ya mtu fulani na kutembea katika nchi ya kubuni. Kwa desturi katika michezo ya namna hiyo mna vita na watu wengi wa kuzungumza nao. Katika huu sivyo. Yupo msichana mmoja, Madotsuki, ambaye hataki kutoka chumbani mwake. Ukimpeleka mlangoni hutikisa kichwa tu. Anayoweza kufanya ni kuandika mezani, kutazama televisheni, na kulala. Akilala huota, na katika ndoto hufika mahali penye milango 12. Kila mlango huingia katika nchi yake, na nchi zenyewe ni za ajabu: giza, theluji, macho, mikono, viumbe wasiosema neno. Humo hutafuta vitu 24 ambavyo humgeuza umbo au kumpa chombo, kama baiskeli, mwavuli na kisu. Akitaka kuamka hujifinya shavu. Hakuna anayekueleza sababu ya mambo hayo. Mwisho wake ni wa huzuni, wala haufai kwa watoto wadogo, kwa hiyo siusimulii hapa.

Mimi najua Kirundi, Kifaransa cha darasani, Kiingereza kidogo, na Kiswahili hiki tunachokisikia sokoni na kwa madereva waendao Kobero. Kijapani sikujua hata herufi moja. Ndipo binamu yangu akatoa shauri: simu ya kwanza icheze, simu ya pili ielekeze kamera yake juu ya kioo cha ile ya kwanza, na programu ya kutafsiri isome na kutupa maana. Tukanunua megabaiti chache, tukachaji simu zote mbili kwa mwenye paneli ya jua pale senta, tukaanza.

Sasa nieleze kazi ya mashine hiyo, maana ina hatua mbili, na kila hatua ina mitego yake.

Hatua ya kwanza ni kusoma herufi. Wajapani huandika kwa namna tatu zilizochanganyika. Ziko herufi za sauti ziitwazo hiragana, 46 za msingi. Ziko nyingine 46 ziitwazo katakana, ambazo hutumika hasa kwa maneno ya kigeni. Na ziko alama zilizotoka Uchina, ziitwazo kanji, ambazo zile za matumizi ya kawaida peke yake ni 2,136. Mashine hutazama picha, hulinganisha maumbo, kisha huamua. Lakini kioo cha mchezo wetu kina nukta 320 kwa upana na 240 kwa urefu tu, na herufi ndogo zilizojengwa kwa nukta chache hufanana sana. Katika katakana herufi ya «shi» na ya «tsu» ni kama mapacha, na ya «so» na ya «n» vilevile. Mkono ukitikisika kidogo, au taa ikimulika kioo, mashine husoma neno jingine kabisa.

Hatua ya pili ni kutafsiri. Hapa ndipo tulipocheka, na hapa ndipo tulipopotea.

Siku moja tulipata kitu ambacho jina lake liliandikwa kwa herufi za sauti tupu: kaeru. Mashine ikatuambia, «Rudi nyumbani.» Tukaogopa. Tulifikiri tukikibonyeza tutatolewa katika ndoto na kupoteza tuliyoyapata. Kwa muda wa siku tatu hatukukigusa. Siku ya nne binamu yangu alichoka, akabonyeza, na kichwa cha msichana kikageuka kuwa cha chura. Kumbe katika Kijapani kaeru ni chura, na kaeru pia ni kurudi nyumbani. Wakiandika kwa alama za Kichina, kila neno lina alama yake, nao hawachanganyi. Wakiandika kwa herufi za sauti tu, msomaji hutambua kwa mambo yanayolizunguka neno. Mashine haikuwa na sentensi ya kuizunguka, ilikuwa na neno moja tu, kwa hiyo ilibahatisha.

Tusiwacheke Wajapani. Katika Kiswahili paa ni mnyama, paa ni sehemu ya juu ya nyumba, na paa ni kuruka juu hewani. Katika Kirundi chetu twaandika inda kwa maana ya tumbo, na inda kwa maana ya chawa, kwa sababu hatuandiki tofauti ya sauti ya juu na ya chini. Mrundi akisikia hakosei. Mashine isomayo maandishi haisikii.

Baada ya kisa cha chura niliona haya kutegemea mashine kwa kila neno. Nikajifunza zile herufi 46 za hiragana, nikiziandika nyuma ya daftari langu la hesabu, tano kila siku. Kisha nikatafuta masomo mepesi ya Kijapani ili nione mashine hukosea wapi. Nilikuta mambo mawili makubwa.

La kwanza ni mtendaji. Wajapani mara nyingi hawamtaji. Neno ikimasu laweza kuwa naenda, waenda, aenda au twaenda, kadiri ya mazungumzo. Sisi katika Kirundi na Kiswahili hatuwezi kusema kitenzi kama hicho pasipo kuonyesha ni nani, maana kiambishi cha mbele chataka kujulikana. Basi mashine hulazimika kumtia mtu ambaye mwandishi hakumtaja. Tena mara nyingi maneno hayaendi moja kwa moja kutoka Kijapani mpaka Kiswahili. Hupitia kwanza Kiingereza, na huko wewe na ninyi huwa neno moja. Ni kama habari iliyopita vinywa viwili kabla ya kukufikia.

La pili ni mwisho wa neno. Tabemasu ni kula. Tabemasen ni kutokula. Tofauti yote imo katika mlio wa mwisho, na katika sentensi ya Kijapani kitenzi hukaa mwishoni kabisa. Sasa, ukipiga picha ikakatika upande mmoja kwa herufi mbili tu, «hawali» yaweza kuwa «wanakula». Nililijaribu jambo hili kwa mkono wangu, nikifunika mwisho wa sentensi kwa kidole. Mashine haikusema, «Naona maneno yamekatika.» Ilitoa jibu safi, kama kawaida yake.

Labda mtauliza, mashine imejifunzaje hata ikawa na ujuzi huu na upungufu huu? Kazi yenyewe si ya jana. Tarehe 7 Januari 1954, katika mji wa New York, wataalamu wa chuo kikuu cha Georgetown na kampuni ya IBM walionyesha kompyuta iliyotafsiri sentensi zaidi ya 60 za Kirusi kwa Kiingereza. Ilikuwa na maneno 250 na kanuni 6. Wengi walidhani kazi imekwisha kabisa. Lakini mwaka 1966 kamati moja ya Marekani ilitoa taarifa kwamba mafanikio ni madogo, na fedha za kazi hiyo zikapungua sana. Google walifungua mashine yao kwa watu wote mwaka 2006. Kiswahili kiliingizwa mwaka 2009. Mwaka 2016 walianza kutumia njia mpya, ambayo kompyuta haipewi kanuni za sarufi, bali hupewa maandishi mengi sana yaliyokwisha kutafsiriwa na wanadamu, nayo hujifunza humo ni neno gani hufuata lipi. Kirundi chetu kiliingizwa mwaka 2024.

Katika habari hizo mtaona jambo la maana. Mashine hula maandishi. Lugha yenye vitabu na magazeti mengi huishibisha. Lugha yenye maandishi machache huiacha na njaa. Lakini iwe imeshiba au ina njaa, sauti yake ni ile ile. Mkalimani mwema akifika neno asilolijua husimama, hukuna kichwa, huuliza. Mashine hii haikunionyesha hata mara moja kwamba ina shaka.

Jambo hilo ndilo lililonifanya niandike makala hii, wala si mchezo. Kabla likizo haijaisha mjomba wangu alinunua chupa ya dawa ya wadudu. Maharage yetu yalikuwa yameanza kutobolewa ghalani, nayo ndiyo chakula chetu cha miezi mingi na mbegu ya msimu ujao. Karatasi ya chupa ilikuwa ya maandishi ya Kichina matupu. Mjomba akaniita mbele ya watu wa nyumbani, akasema, «Wewe unayesoma simu kila jioni, tusomee na hii.» Nikaelekeza kamera. Mashine ikasema kwamba dawa yafaa kwa nafaka zilizohifadhiwa. Wote wakafurahi, na shangazi akaenda kufungua magunia.

Nakiri kwamba miezi miwili nyuma ningaliwaacha waendelee. Lakini nilitazama ile chupa, nikaona ya kuwa ni ya mviringo, na mistari ya maandishi ilipinda ikaenda nyuma. Nikakumbuka kidole changu juu ya sentensi. Nikamwambia shangazi, «Ngoja kidogo, shangazi.» Nikageuza chupa, nikapiga picha ya pili, na ya tatu. Safari hii jibu lilikuwa: haifai kwa nafaka zilizohifadhiwa. Mwanzo wa mstari ulikuwa umefichwa na mviringo wa chupa, na neno la kukanusha lilikuwa huko.

Sikujua lipi kati ya majibu hayo ni la kweli, na nilisema hivyo mbele ya wote. Bibi akanitazama, akasema, «Mjukuu wangu, asiyejua aende kwa ajuaye.» Asubuhi mjomba na mimi tukachukua chupa mpaka kwa bwana shamba. Aliikagua, akatuambia dawa hiyo ni ya kunyunyizia mimea shambani, tusiiguse kwa maharage ya kula. Akatuonyesha namna ya kuyakausha vizuri juani, kuyachambua, na kuyafunga katika vyombo visivyopitisha hewa.

Basi, ndugu zangu, siwaambii muitupe mashine. Bila mashine nisingalijua hata kwamba yume ni ndoto. Ila nimejiwekea desturi nne, nami nawapa. Kwanza, piga picha zaidi ya moja, ukihakikisha mwanzo na mwisho wa kila mstari umeonekana. Pili, chukua jibu ulilopewa, ulirudishe katika lugha ya kwanza, uone kama linafanana na lile la asili. Tatu, ukiona neno lisilokaa vizuri na mambo yanayolizunguka, lishuku; mara nyingi ni chura aliyeitwa kurudi nyumbani. Nne, jambo likigusa chakula, dawa, fedha au sahihi ya mtu, mtafute mtu anayeijua kazi hiyo.

Nanyi wazee wetu mliosoma hapa kabla yetu, wengi wenu mko ofisini, hospitalini na katika shule, na lugha mbili tatu mnazijua kuliko sisi. Mkiombwa na jirani kumsomea karatasi, msichoke. Kuna saa ambayo mtu anahitaji kusikia mwenzake akisema, «Hapa sijui, tuulize.»

Mchezo wenyewe nimefika vitu 17 kati ya 24. Nikikosea mlango, msichana hujifinya shavu akaamka kitandani mwake, nasi tukaanza tena. Mtu aliyekula maharage yenye sumu hawezi kujifinya shavu. Kuuliza si ujinga.