JE, WAJUA? Baruti Iliyomfichua Mpigaji

Septemba 12, 1914, majeshi ya Uingereza na Ujerumani yalipigana Kisii, mji uliokuwa makao ya utawala wa kikoloni kwa eneo lililojumuisha kaunti za leo za Kisii na Nyamira. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia huko Afrika Mashariki, tofauti moja kubwa kati ya majeshi hayo ilikuwa ndani ya risasi zenyewe.

Makombania mengi ya askari wa Ujerumani yaliingia vitani mwaka huo na bunduki za Mauser za 1871, zilizotumia baruti nyeusi: mchanganyiko wa shura, mkaa na salfa. Inapoungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi, bali hutoka kama moshi mzito na masizi. Kila mlio ulimwonyesha adui mahali alipo mpigaji.

Askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza, walitumia risasi za .303 zenye kodaiti, baruti iliyobuniwa Uingereza mwaka 1889. Hii hugeuka gesi karibu yote, kwa hiyo moshi ni kidogo na risasi huenda kasi zaidi. Kwa askari aliyejificha nyasini, aina ya baruti ilikuwa suala la uhai.