Mama Mezani, Mtoto Majini

Katika mwaka 1844 Le Charivari, gazeti la mzaha lililokuwa likitoka kila siku mjini Paris, lilianza kuwatolea wasomaji wake picha 40 za Honoré Daumier kwa jina la Les Bas-bleus, nazo zote zilikusudiwa kuwafanyia tashtiti wanawake waliothubutu kushika kalamu. Iko moja ambayo kila niitazamapo hunichekesha kwanza, kisha hunikera: bibi ameinamia meza yake, fikira zimemteka hata hana habari ya dunia, na kando yake mtoto ametumbukia kichwa chini ndani ya beseni la kuogea, miguu juu. Chini yake pameandikwa kwamba mama yumo katika moto wa kutunga, na mtoto yumo majini.

Mkono uliochora haukuwa na mfano. Daumier alichora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa, na jiwe likisharowanishwa, wino huyakimbia maji ukashika penye mafuta; basi mkwaruzo wake ulimfikia msomaji vile vile kama alivyoutia, bila ya kupita kwa mchongaji.

Lakini mkono huo ulikuwa umezoea mawindo makubwa zaidi. Mwaka 1831 ulimchora Mfalme Louis-Philippe kwa sura ya jitu Gargantua, tumbo limemjaa, akimeza mali ya raia inayopandishwa kinywani mwake juu ya ubao. Na kwa ajili hiyo mchoraji akahukumiwa kifungo cha miezi sita. Zilipokuja sheria za Septemba 1835, baada ya jaribio la kumwua mfalme, ikawa hapana picha ipigwayo chapa ila kwa idhini ya serikali, na Daumier akageukia desturi za watu: mawakili, wenye nyumba, mume na mkewe.

Mke huyo, kwa kanuni ya Napoleon ya 1804, hakuweza hata kusimama mahakamani bila ya ruhusa ya mumewe, na talaka ilikuwa imefutwa tangu 1816. Mfalme alikuwa na gereza la kujihami. Mke alikuwa na nini? Tena maneno ya chini ya picha hizo mara nyingi hayakuwa ya Daumier, bali ya waandishi wa gazeti, waungwana waliokaa mezani wakitunga. Nami ningependa kujua watoto wao waliogeshwa na nani.