Ukiondoa Linux kompyuta ikagoma kuwaka, usikubali diski ifutwe

KUONDOA mfumo endeshi wa pili kwenye kompyuta ni kazi ya dakika chache. Mtumiaji aliyekuwa na Windows na Linux katika mashine moja hufungua Windows, hukifuta kipande cha diski kilichokuwa na Linux, kisha hufurahia nafasi aliyoipata. Tatizo hujitokeza anapoizima kompyuta na kuiwasha tena. Badala ya Windows, hukutana na kioo cheusi chenye ujumbe kwamba kipande fulani cha diski hakipo, na chini yake maneno "grub rescue" yakisubiri amri.

Wengi wakifika hapo huamini kuwa kila kitu kimepotea. Huibeba kompyuta hadi kwa fundi, na fundi mwenye foleni ya wateja huchagua njia fupi: hufuta diski nzima na "kupiga Windows" upya. Kompyuta huwaka, lakini tasnifu ya mwanafunzi, hesabu za duka na picha za familia huwa zimekwenda. La kusikitisha ni kwamba mafaili hayo yalikuwa salama salimini hadi pale diski ilipofutwa. Kilichoharibika kilikuwa ni njia ya kuyafikia tu, na njia hiyo hutengenezeka.

Chanzo cha tatizo

Kompyuta inapowashwa haijui lolote kuhusu Windows wala Linux. Programu ndogo iliyomo kwenye ubao wake mkuu hukagua vifaa, kisha hutafuta mahali palipoandikwa maelekezo ya kuuamsha mfumo endeshi. Anayesakinisha Linux pembeni ya Windows, kwa mfano toleo la Ubuntu lililoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na ambalo jina lake ni ndugu wa neno letu utu, huwekewa pia programu iitwayo GRUB. Kazi yake ni kusimama mlangoni na kumwuliza mtumiaji anataka kuingia katika mfumo upi.

GRUB haikai mahali pamoja. Sehemu yake ndogo hukaa mlangoni, lakini orodha ya mifumo na sehemu kubwa ya maelekezo yake hukaa ndani ya kipande cha diski chenye Linux. Ni sawa na bawabu aliyeziacha funguo zake ndani ya nyumba iliyobomolewa. Bado yuko langoni, bado anazuia njia, lakini hana tena uwezo wa kumfungulia mtu. Windows iko ndani, nzima, ila hakuna anayeiamsha.

Kompyuta za aina mbili

Kabla ya kuanza matengenezo ni lazima kujua kompyuta inatumia utaratibu upi wa kuwaka, kwani dawa ya aina moja haiitibu nyingine.

Utaratibu wa zamani hutegemea sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512 tu. Kati ya hizo, baiti 446 ni za maelekezo ya kuamshia, baiti 64 ni za orodha ya vipande vya diski visivyozidi vinne, na mbili za mwisho ni alama ya utambulisho. Utaratibu huo, ujulikanao kwa kifupi kama MBR, ulianza mwaka 1983 na hauwezi kuhudumia ipasavyo diski inayozidi terabaiti 2. Linux inaposakinishwa, GRUB huchukua nafasi ya maelekezo ya Windows katika baiti hizo 446.

Utaratibu mpya huitwa UEFI, na ulienea hasa baada ya Windows 8 kutoka mwaka 2012. Hapa kila mfumo endeshi huwekewa folda yake katika kipande kidogo cha diski kilichotengwa kwa kazi hiyo. Windows huwa na folda iitwayo Microsoft na Ubuntu huwa na ya kwake, bila moja kuifuta nyingine. Aidha, ubao mkuu hutunza orodha ya nani aamshwe kwanza. Linux ikifutwa, folda ya GRUB hubaki na jina lake huendelea kuongoza orodha hiyo.

Matengenezo ya kompyuta mpya

Kwa kompyuta yenye UEFI, mara nyingi hakuna haja ya kuandika amri hata moja. Washa kompyuta huku ukibonyeza mara kwa mara kitufe cha kuchagulia kifaa cha kuwakia: aghalabu ni F12 kwa Dell na Lenovo, na F9 kwa HP. Katika orodha itakayotokea chagua "Windows Boot Manager". Windows ikifunguka, sehemu kubwa ya kazi imekwisha. Kilichobaki ni kuingia katika mipangilio ya ubao mkuu na kuliweka jina hilo juu ya orodha ili kompyuta isirudie kuiita GRUB.

Jina hilo lisipoonekana, tafuta kompyuta nyingine na flashi yenye gigabaiti 8 au zaidi. Tovuti ya Microsoft hutoa bure programu ya kuigeuza flashi hiyo kuwa ya kusakinishia Windows. Hakikisha kwanza flashi haina kitu unachokihitaji, kwa kuwa itafutwa. Washia kompyuta mbovu kwa flashi hiyo, lakini usichague kusakinisha. Chagua njia ya matengenezo, ambayo katika matoleo mengi huandikwa "Repair your computer", kisha "Troubleshoot", na hatimaye "Command Prompt".

Andika diskpart, halafu list disk. Diski yenye alama ya nyota chini ya neno Gpt kwa kawaida ndiyo ya utaratibu mpya. Andika list volume, kisha tafuta kipande kidogo cha FAT32, ambacho kwa kawaida huwa na megabaiti 100 hadi mia chache. Kuwa mwangalifu hapa, kwani flashi yako nayo huweza kuonekana kama FAT32, ila ukubwa wake ni wa gigabaiti kadhaa. Ikiwa kipande hicho kina namba 3, andika select volume 3, kisha assign letter=S, na umalizie kwa exit.

Hatua inayofuata ni kuhakikisha Windows iko kwenye herufi ipi, kwa sababu katika mazingira ya matengenezo herufi huweza kubadilika. Andika dir C:\ na uangalie kama folda za Windows na Users zipo. Zisipokuwapo, jaribu D. Ukishaipata, andika bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI, ukibadilisha herufi ya kwanza inapobidi. Amri hiyo hunakili upya mafaili ya kuamshia na kuirejesha Windows kwenye orodha ya ubao mkuu. Chomoa flashi, kisha washa kompyuta.

Matengenezo ya kompyuta ya zamani

Kwa kompyuta yenye MBR, ingia katika "Command Prompt" kwa njia hiyo hiyo ya flashi au kwa diski ya kusakinishia, kisha andika bootrec /fixmbr. Amri hiyo huondoa maelekezo ya GRUB katika sekta ya kwanza na kurudisha ya Windows, bila kuigusa orodha ya vipande vya diski wala mafaili. Windows isipofunguka, rudi ulipokuwa na uandike bootrec /fixboot, ikifuatiwa na bootrec /rebuildbcd. Hata hivyo, amri ya fixmbr haina faida kwa kompyuta ya UEFI, na hapo ndipo wengi hupoteza saa nzima wakiirudia bila mafanikio.

Mambo ya kuepuka

Ndani ya diskpart, usiandike kamwe neno clean wala format. La kwanza hufuta orodha yote ya vipande vya diski, na la pili hukiandaa upya kipande kana kwamba hakikuwahi kuwa na kitu.

Aidha, kompyuta nyingi mpya hufunga diski kwa ulinzi uitwao BitLocker, na mabadiliko katika utaratibu wa kuwaka huweza kuufanya udai ufunguo wenye tarakimu 48. Kwa mtu binafsi, ufunguo huo mara nyingi huwa umehifadhiwa katika akaunti yake ya Microsoft, na kwa kompyuta ya ofisi huwa mikononi mwa idara ya kompyuta. Utafute kabla ya kuanza, maana bila huo hata fundi hodari hatakusaidia kuyasoma mafaili yaliyofungwa.

Kwa mwenye nyaraka za thamani, ni busara kuziokoa kwanza. Flashi yenye Ubuntu inaweza kuiwasha kompyuta bila kusakinisha chochote, na kama diski haijafungwa, folda za Windows zitaonekana na kunakiliwa kwenye diski ya nje. Ni njia ambayo mafundi wengi wanaifahamu, lakini mteja asipoidai hawana haja ya kuihangaikia.

Kinga

Yote haya huepukika kwa kufuata mpangilio sahihi. Anayetaka kuiondoa Linux ahifadhi nakala za mafaili yake, airudishe Windows mlangoni, awashe kompyuta mara moja au mbili kuhakikisha inafunguka yenyewe, ndipo akifute kipande cha Linux. Akianza kwa kufuta, ndipo hujikuta mbele ya kioo cheusi.

Na atakayelazimika kwenda kwa fundi, amwambie wazi kabla ya kuiacha mashine: "Nimeondoa Linux, njia ya kuwakia imeharibika, na diski yangu isifutwe." Ni vyema maneno hayo yaandikwe kwenye risiti. Fundi anayejibu kuwa hakuna njia nyingine zaidi ya kupiga Windows upya hana budi kushukuriwa kwa muda wake, na kompyuta ikapelekwa duka la pili.