Neno Nguvu na Jamaa Zake katika Elimu ya Fizikia

Neno nguvu ni miongoni mwa maneno yenye matumizi mengi sana katika Kiswahili. Mchukuzi ana nguvu, mkondo wa maji una nguvu, dunia huvuta vitu kwa nguvu, na injini hupimwa kwa nguvu za farasi. Katika mazungumzo hapana dhara, kwani msikilizaji hufahamu maana kwa mahali neno lilipotumika. Lakini katika fizikia mambo hayo si mamoja. Kila moja lina kipimo chake, na mwanafunzi ayachanganyaye aghalabu hukwama kabla hajaifikia hesabu yenyewe.

Yafaa kutazama mfano ulio karibu. Mtu ateka maji katika kisima chenye kina cha mita 10, na debe lake lina maji kilogramu 20. Hizo kilogramu 20 ni tungamo, yaani wingi wa maada iliyomo, nazo hazibadiliki hata maji yakipelekwa mwezini. Uzito ni jambo jingine: ni mvuto wa dunia juu ya maji hayo. Isaac Newton, katika kitabu alichokitoa mwaka 1687, alionyesha kwamba mvuto uangushao tunda mtini ndio huo huo uushikao mwezi katika njia yake. Juu ya uso wa dunia kila kilogramu huvutwa kwa nyutoni 9.8 hivi, basi uzito wa maji yale ni nyutoni 196. Mwezini ungekuwa kama sehemu moja ya sita tu. Mvuto au msukumo wa namna hii ndio uitwao kani.

Kani ikikisogeza kitu upande ielekeako, kazi imefanyika. Nyutoni 196 zikizidishwa kwa mita 10 hupatikana jouli 1,960, nayo ndiyo kazi ya kuyapandisha maji. Hapa neno la kila siku huleta mgogoro. Mchukuzi asimamaye na gunia begani kwa saa nzima hajafanya kazi yo yote juu ya gunia, kwa kuwa halikupanda. Mwanafunzi akiambiwa hivyo bila ya maelezo, ataona kwamba elimu hii yamdharau mtu atokwaye na jasho, na pengine ataacha kuiamini. Ni lazima aambiwe pia kwamba misuli ya mchukuzi hukaza wakati wote, chakula alichokula hutumika, na joto humtoka. Gharama ipo, ila haikuingia katika gunia.

Jambo la tatu ni wakati. Maji yale yakipandishwa kwa sekunde 20, kazi hufanyika kwa kiasi cha jouli 98 kila sekunde, yaani wati 98. Yakipandishwa kwa sekunde 40, ni wati 49. Kazi ni ile ile, lakini wepesi wake umepungua nusu. Wepesi huu ndio upimwao kwa nguvu za farasi, ambapo nguvu ya farasi mmoja ni wati 746 hivi. Ni dhahiri basi kwamba anenaye nguvu ya mvutano na nguvu ya injini ataja vitu viwili visivyoweza kulinganishwa, kwa kuwa cha kwanza hupimwa kwa nyutoni na cha pili kwa wati.

Uwezo wenyewe wa kufanya kazi huitwa nishati. Maji yaliyofika juu yana nishati ya jouli 1,960 zaidi ya yalivyokuwa chini, nayo yakianguka huirudisha. Lakini mtekaji hutoa zaidi ya hiyo. Ichukuliwe kwamba kamba yake hupita katika kapi, naye ameivuta kwa kazi ya jouli 2,450. Jouli 490 zimekwenda katika kuliinua debe tupu na kamba, na katika msuguano wa kapi, ambao hugeuka joto. Sehemu iliyofaa ni 1,960 kwa 2,450, yaani asilimia 80, nayo huitwa ufanisi. Kwa watu ufanisi ni kustawi, na hauna mpaka. Katika fizikia hauwezi kuzidi asilimia 100, kwa maana hapana chombo kitoacho nishati kuliko kilichopokea.

Kiswahili hakikuwa na upungufu wa maneno kwa haja hii. Kani lilikuwapo zamani kwa maana ya nguvu na ya ubishi. Nishati latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya uchangamfu. Na kawi, litumikalo Kenya mahali ambapo Tanzania husema nishati, nalo lina asili ya Kiarabu. Visawe ambavyo mshairi huvitumia apendavyo, mwanafizikia amevigawia kila kimoja kazi yake. Kani ikiwa imeshika nafasi ya mvuto na msukumo, na nishati nafasi ya uwezo, yafaa nguvu libakie kwa wepesi wa kazi peke yake, kama wenye injini walivyokwisha kulizoea. Mwalimu aandikaye nguvu ya mvutano ubaoni leo, na nguvu ya injini kesho, humwachia mtoto kitendawili ambacho lugha yenyewe ilikwisha kukitegua.